Anwani Moja, Mashine Mbili

Kolwezi, 6 Mei 2019

Yaya Ndaya,

Nimesikia mmefika Mbuji-Mayi salama, wewe na mama, ingawa treni iliwalaza Kamina zaidi ya ilivyopaswa. Nimemshukuru Mungu, maana wewe ni yaya wangu, dada mkubwa, hata kama hatukuzaliwa tumbo moja. Naanza kwa kuomba radhi: siku mliyoondoka sikufika gare, pale kituo cha treni. Nilikuwa na homa, mke wangu Mado ni shahidi yangu. Nilitaka kuja kuwabebea mizigo, mwili ukakataa.

Hapa hali ni ile ile mliyoiacha. Bei ya kobalti imeanguka, viwanda vinafunga, wachimbaji wametolewa kwenye mashimo, na kila aliyepoteza kazi anatafuta Mkasai, mtu wa asili ya huko Kasai kama nyinyi, wa kumlaumu. Itapoa. Mama yako aliyaona haya mwaka 1993, anajua kwamba huwa yanapoa.

Kuhusu kazi yetu usiwe na wasiwasi. Mashine ya majina iko bado kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yenu pale mtaa wa Manika, na umeme wa bwawa la Nzilo unakuja vizuri. Nyumba yenyewe inalindwa na mtu mwaminifu. Jana Tata Kisimba aliniita ofisini nimweleze tena tuliomba nini, maana yeye kama mzee na mwenyekiti wa chama chetu cha mtandao alisaini bila kuelewa. Nikamwambia hivi: mtu wa Kolwezi akiandika jina la hospitali kwenye simu yake, lazima pawe na mashine ya kuiambia simu jina hilo linakaa kwenye namba gani. Kazi hiyo ni yetu. Na anwani tuliyopewa ni moja, lakini inatangazwa kutoka miji miwili, ili anayeuliza ajibiwe na mashine iliyo karibu naye. Moja ikianguka, nyingine inajibu, na muulizaji hajui kama kuna kilichotokea. Tata Kisimba akacheka, akatufananisha na mume wa wake wawili, akasema, "Njo sawa kuwa na bibi babili, bote jina moja."

Basi washa mapema mashine ya pili, ile uliyoondoka nayo. Ofisi ya bara inayogawa namba za mtandao itataka uthibitisho kabla ya mwisho wa mwaka. Fungu la anwani za namna hii hutolewa kwa sharti la miji zaidi ya mmoja, na mji ukibaki mmoja fungu linarudi kwao.

Mdogo wako,
Stany Kabemba

Mbuji-Mayi, 21 Mei 2019

Stany mdogo wangu,

Pole na homa. Mama anasema siku ile homa ya gare ilishika watu wengi tuliokuwa tunakula nao.

Tunakaa kwa mjomba Beya, chumba kimoja. Mama alizaliwa Kolwezi, mimi pia nilizaliwa Kolwezi, na hapa watoto wanatuita Bakatangais, watu wa Katanga. Tshiluba changu, lugha ya hapa, kimeota kutu na kinawachekesha. Juzi niliuliza bei ya mihogo sokoni, mwenye mihogo akataka kujua kama nimetumwa na misheni. Nilicheka naye, kisha nikafika nyumbani nikalia. Mama hajafungua mabunda yake. Anasema mwaka 1993 alifungua siku ya kwanza, na tukakaa huku miaka minane.

Mashine nimeiwasha. Umeme wa hapa haueleweki, kwa hiyo nimeifunga kwenye betri na paneli mbili za jua za mjomba. Sasa nisikilize vizuri. Mwanzoni kila mashine ilijibu watu wake: yangu ilijibu Mbuji-Mayi na Mwene-Ditu, yako ilijibu Kolwezi. Tangu Alhamisi maswali ya Kolwezi yote yanakuja kwangu. Yote, Stany. Maana yake yako imekufa. Nenda Manika, ingia chumba cha nyuma, iangalie kwa macho. Usiipime ukiwa ofisini, kwa sababu ukiipima ukiwa ofisini nitakujibu mimi.

Na huyo mtu mwaminifu ni nani? Hukumtaja jina.

Dada yako,
Ndaya Mianda

Kolwezi, 15 Juni 2019

Yaya Ndaya,

Usinikasirikie kwa kuchelewa. Nimeipima mashine kutoka ofisini, kutoka nyumbani kwangu na kutoka hospitalini, na kote inajibu. Inachelewa kidogo kuliko zamani, lakini inajibu. Nadhani ni laini tu, waya zinapitishwa njia za ajabu siku hizi. Maswali yanayokufikia huko yatakuwa yamepotea njia. Nitapita Manika nikipata nafasi.

Nafasi ndiyo shida. Wiki hii watu wa kiwanda kingine wameambiwa wasirudi kazini. Vijana wanakaa barabarani wakiangalia nani anapita na mzigo gani. Mtu ukionekana unaingia nyumba ya Mkasai aliyeondoka, kuna wa kukuita mwizi na kuna wa kukuita rafiki yao, na sijui lipi ni baya zaidi. Nakuambia ukweli jinsi ulivyo.

Lakini kuna habari njema. Chama kilifanya mkutano, na Tata Kisimba akasimama akasema kwamba katika mji ambao kila kitu kimesimama, mashine ya Stany haijasimama hata siku moja. Walipiga makofi. Nimefanywa mkuu wa ufundi. Mado amenishonea shati la kazi. Nilitaka kusema pale kwamba tuliijenga wawili, ila mkutano ulikuwa mrefu na watu walikuwa wamechoka.

Mlinzi wa nyumba ni mtu wa familia, usihofu.

Mdogo wako,
Stany

Mbuji-Mayi, 2 Julai 2019

Stany mdogo wangu,

Hongera kwa cheo na kwa shati.

Jambo la mashine nilikuambia mara moja. Mtu mzima haambiwi mara mbili. Nitaendelea kujibu kwa ajili yenu, na kwa kuwa sasa najibu watu wa miji yote, betri hazitoshi. Nimezima televisheni ya mjomba Beya na taa ya chumba chetu. Mjomba ananung'unika kwamba anawawashia umeme watu waliotufukuza. Namwambia hospitali haikutufukuza. Agnès wa maabara alinipigia simu wiki iliyopita kunisalimu tu, na katika wale wote niliofanya nao kazi ni yeye peke yake. Alisema majibu ya damu kutoka Lubumbashi yanafika bila shida, akanipa pole kwa kuwa sipo kuona mashine yetu inavyofanya kazi. Nikamwambia asante.

Nina ombi moja, na ni hilo tu. Unakumbuka mjadala wa mwaka juzi, tulipokuwa tunaandikiana bara zima kuhusu kanuni ya fungu hili? Makampuni yalitaka anwani zitolewe kwa jina la kampuni, basi. Ni mimi niliyeshikilia kwamba kila mji utakaotangaza anwani uwe na mtu mwenye jina, anayeishi pale, ambaye akipigiwa simu anaweza kuulizwa na kujibu. Walinibishia miezi. Bwana mmoja aliniandikia kwamba Kolwezi si mji wa kufundisha bara. Wewe ulinitetea, na barua yako naikumbuka. Mwishowe kanuni ikapita kama nilivyoiandika.

Basi ukituma uthibitisho wa mwaka huu, kwa upande wa Mbuji-Mayi andika jina langu. Kule Kolwezi nilikuwa na nyumba, kazi na majirani. Hapa nina mashine moja chini ya kitanda, na jina langu halijaandikwa popote. Nikiondolewa na hapo, sijui nitamwambia nini mama.

Dada yako,
Ndaya

Kolwezi, 12 Septemba 2019

Yaya,

Nimeianza barua hii mara nyingi na kuifuta.

Kamati ilikaa Jumanne kuhusu uthibitisho. Nilisoma rasimu, jina lako likiwa pale kwenye Mbuji-Mayi. Tata Kisimba akanikatiza. Alisema, "Mi siko na mubaya na Mama Ndaya. Lakini bantu bakisikia mashini yetu iko kwa Bakasai, batatuchomea nyumba. Ondosha ile jina." Nikasema kanuni inataka miji miwili. Akajibu kwamba miji haikosekani, tuandike Mutshatsha. Nikasema Mutshatsha hatuna mashine. Akaniuliza kama kuna mtu wa ofisi ya bara aliyewahi kushuka treni Mutshatsha. Watu wakacheka, nami nikacheka nao.

Nimeandika Mutshatsha, na mtu wa pale nimemtaja jina la mjomba wa Mado, anayeuza makaa.

Sasa wanataka tangazo la Mbuji-Mayi lizimwe kabla ya mwisho wa mwezi, ili ofisi ikichunguza isikute mji ambao hatukuuandika. Ni kwa muda tu, Yaya. Hali ikitulia nitakurudisha. Tata Kisimba anasema ya kwetu imejibu peke yake miezi yote hii, na sikuwa na la kumjibu. Naomba usinione vibaya. Nina watoto, na Mado ana mimba nyingine. Wewe uko mbali, hawawezi kukufanya kitu. Mimi niko katikati yao.

Nihurumie,
Stany

Mbuji-Mayi, 20 Septemba 2019

Stany,

Nitaizima Jumatatu asubuhi, watu wakiwa wameshafika kazini.

Umesema hukuwa na la kumjibu Tata Kisimba. La kumjibu nilikupa tarehe ishirini na moja Mei. Bado una siku za kutosha za kwenda Manika.

Nani anakaa ndani ya nyumba yetu?

Ndaya

Kolwezi, 1 Oktoba 2019

Yaya Ndaya,

Nakuandikia nikiwa na aibu kiasi kwamba Mado ameniuliza kama kuna mtu aliyekufa.

Jumatatu asubuhi uliizima, na Kolwezi ikanyamaza. Majina yote tunayoyatunza yakawa hayapatikani: shule, vyama, hospitali. Simu yangu haikupumzika. Niliwaambia ni laini. Nikaipima mashine kutoka ofisini, kwa mara ya kwanza haikujibu, na hapo nilikuwa sina tena pa kujificha. Nilijua tangu Mei, Yaya. Nilielewa barua yako siku ile ile niliyoisoma. Niliipima kutoka ofisini kwa sababu nilijua utanijibu.

Nikaenda Manika mchana, mbele ya watu wote. Anayekaa kwenu ni Numbi, mdogo wake Mado. Aliingia wiki moja baada ya nyinyi kuondoka, akaniambia analinda, nami nikakubali liitwe hivyo. Nimekula pale, kwenye meza ya mama yako. Ndiyo maana sikutaja jina, na ndiyo maana sikutaka kuingia chumba cha nyuma: ningemkuta shemeji yangu na ningelazimika kusema kitu. Ameweka friji mle, anauza maji baridi na soda. Mashine iko sakafuni, imefunikwa makreti. Nilipomuuliza, alinionyesha soketi ya umeme ukutani, akajibu bila wasiwasi wowote: "Ile kasanduku ilikuwa inapiga tu makelele. Friji ilikuwa na lazima ya prise." Sikumpiga. Nilitamani kumpiga, lakini funguo nilimpa mimi.

Homa nayo haikuwapo. Nilikuwa gare siku ile. Nilisimama nyuma ya duka la mikate nikawatazama mkipandisha mabunda, na mama yako alianguka, na sikutoka.

Nilipokuwa bado Manika, nikifuta vumbi kwenye mashine ambayo ilikataa kuwaka, watu wa ofisini walinipigia. Kila kitu kilikuwa kimerudi. Walisema, "Tata Stany, weye uko fundi kabisa." Hakuna aliyegusa chochote huku. Ni wewe uliyewasha, bila kuombwa na mtu.

Nilirudi ofisini, nikamkuta Tata Kisimba amenunua bia. Nikawaambia wote waliokuwepo: "Si mi. Ni Mama Ndaya njo anajibia Kolwezi tangu mwezi wa tano. Ya kwetu ilikufa, na sisi tulimufukuza." Tata Kisimba alichukua kofia yake akatoka. Baadaye nimesikia nimevuliwa cheo, na ni haki.

Nimeiandikia ofisi ya bara kwamba Mutshatsha ni uongo na kwamba niliuandika mimi. Wamejibu kwa adabu iliyoniumiza kuliko matusi. Fungu halitachukuliwa. Litahamia kwa anayelitangaza kweli, yaani kwako, ukikubali, mradi kabla ya mwaka kuisha kuwe na mji wa pili wa kweli na mtu wake.

Numbi anatoka Jumamosi. Mado hanisemeshi. Naomba mji wa pili uwe Kolwezi, na naomba mtu wake niwe mimi. Nitaikalia mashine hiyo usiku na mchana. Niache niitengeneze hii aibu kwa kazi, Yaya, maana kwa maneno siwezi.

Mdogo wako,
Stany

Mbuji-Mayi, 10 Oktoba 2019

Bwana Kabemba,

Nimepokea barua yako na nimeisoma mbele ya mama. Nilipofika kwenye duka la mikate aliniambia niache kusoma, akatoka nje. Aliporudi alisema alikuona. Alikuona siku ile ile, na miezi yote hii hakuniambia, ili niendelee kuwa na mdogo Kolwezi.

Nami nina la kwangu. Jumatatu ile nilijua kitakachotokea. Nilijua kuliko wewe. Ningeweza kumpigia Agnès akajiandaa, na sikumpigia. Niliizima, nikakaa kitandani nikifurahi. Mama aliniuliza, "Unaimba nini, mwana?" Sikuwa nimejua kama naimba. Kabla ya adhuhuri Agnès akapiga. Kulikuwa na mwanamke anayejifungua, na majibu ya damu yake yamekwama Lubumbashi. Alikuwa analia, akiniuliza mimi afanye nini, kwa sababu alidhani mimi ndiye mtu wa mwisho wa kuulizwa. Mwanamke yule alipona, na mtoto wake. Lakini niliiwasha mashine baada ya kuimba asubuhi nzima. Haya nayo ni yangu, wewe huna sehemu ndani yake, na ninaona haya kuyaandika.

Kwa hiyo nimejibu ofisi ya bara kwamba nakubali. Fungu litakuwa kwa jina langu, Mbuji-Mayi. Mji wa pili utakuwa Kolwezi, kama ulivyoomba. Mashine mpya itakaa kwenye chumba cha maabara, hospitali imekubali. Mtu wake ni Agnès. Hajui kazi hii bado, nitamfundisha kwa simu, na akikosea ataniambia kwamba amekosea.

Jina lako sikuliandika. Kanuni inataka mtu anayeishi pale na anayeweza kuulizwa. Nilikuuliza mara mbili nani anakaa nyumbani kwetu.

Nyumba ikiwa tupu, mpe Agnès funguo. Hatujui kama tutarudi. Mama jana amefungua bunda moja, akatoa sufuria.

Mashine yangu itaendelea kumjibu kila anayeuliza kutoka Kolwezi, na wewe ukiwemo. Ukiandika jina lolote kwenye simu yako na mashine ya Agnès imelala, ni mimi nitakayekujibu, na hutajua. Haiulizi ni nani anayeuliza, tuliijenga hivyo wawili.

Lakini barua, usiniandikie tena. Na popote utakaponitaja, usiniite yaya.

Ndaya Mianda